Ufikiaji Umekataliwa: Makosa Niliyofanya Kabla ya Kuuliza Ni Akaunti Gani Inayobisha Hodi

Siku ya Jumamosi nilihamisha folda za idara zote kutoka diski ya zamani ya seva kwenda diski mpya, nikajaribu kufungua faili kadhaa, zikafunguka bila shida, nikaondoka ofisini na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Jumatatu saa mbili asubuhi simu ilianza kulia. Programu ya usiku, ile inayokusanya faili za siku kutoka kila idara na kuwaandalia wahasibu muhtasari, haikuwa imetoa chochote, na kumbukumbu zake zilijaa mstari uleule mmoja: ufikiaji umekataliwa, kosa namba 5. Wahasibu wawili hawakuweza kufungua folda zao. Wa tatu alifungua vizuri lakini hakuweza kuhifadhi. Wa nne hakuwa na tatizo lolote, na huyo ndiye aliyenichanganya kuliko wote.

Ninaandika haya kwa ajili ya watu walio katika hali niliyokuwa nayo wakati huo, yaani wanaotunza kompyuta za wenzao kwa sababu wanazielewa zaidi kidogo kuliko wengine, bila kuwa wamewahi kukaa chini na kusoma habari za ruhusa kwa utaratibu. Kosa hilo lilinichukua zaidi ya mwezi mmoja hadi kulimaliza kabisa, na kati ya hapo niliweka wazi nyaraka za siri, nikawafungia nje watu wasiohusika, na nikapoteza imani ya idara nzima ambayo ilichukua muda mrefu kurudi. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na jambo moja. Ujumbe ule ulikuwa ukiniambia kwamba kuna akaunti iliyoomba kitu na ikanyimwa, nami sikuwahi kuuliza ni akaunti ipi. Nilidhani ninaijua.

Jibu langu la kwanza kwa wahasibu lilikuwa lile ambalo ninaona aibu kulikumbuka: "Kwangu inafunguka." Nilikuwa nimekaa mbele ya seva, nimeingia kwa akaunti yangu ambayo ni mwanachama wa kundi la wasimamizi, na kila folda niliyoigusa ilifunguka. Mmoja wa wahasibu, dada mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alinijibu kwa utulivu, "Kaka, kwako itafunguka. Lakini wewe hufanyi kazi na faili hizi." Alikuwa amesema jambo lote kwa sentensi mbili, ila sikumsikia. Kujaribu ruhusa kwa akaunti ya msimamizi ni sawa na kupima kufuli huku ukiwa umeshika funguo zote za jengo.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi lililojificha hapo. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mtu aliye katika kundi la wasimamizi akiingia kwenye kompyuta hapewi nguvu zake zote papo hapo. Anafanya kazi kama mtumiaji wa kawaida mpaka atakapokubali kupandishwa kwa kazi fulani. Ndiyo maana folda ambayo ni ya wasimamizi peke yao ilinitolea kidirisha kinachosema kwamba kwa sasa sina ruhusa, na chini yake kitufe cha kuendelea. Nilikuwa nikibonyeza kitufe hicho bila kufikiri. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kukibonyeza hakukunifungulia mlango kwa mara hiyo moja tu: mfumo uliandika jina la akaunti yangu binafsi katika orodha ya ruhusa za folda ile na kuliacha humo moja kwa moja. Kwa hiyo kila nilipochungulia, nilikuwa nikibadilisha kitu nilichokuwa nikikichunguza. Nilipokuja kufanya usafi, nilikuta jina langu limesambaa katika folda nyingi kama alama za vidole vya mtoto kwenye ukuta mweupe.

Mchana wa Jumatatu hiyohiyo niliamua kwamba mmoja wa wahasibu waliofungiwa hakuwa katika kundi linalostahili. Nilimwingiza katika kundi, nikamwomba ajaribu tena, akajaribu, akakataliwa. Nikahitimisha kwamba kundi silo tatizo, nikamtoa, nikaendelea na dhana nyingine. Alipozima kompyuta jioni na kuiwasha tena asubuhi, alikuwa ameshatolewa kwenye kundi, kwa hiyo hali haikubadilika, nami nikaliona hilo kuwa uthibitisho wa hitimisho langu. Ukweli ni kwamba uanachama wa makundi husomwa wakati mtu anapoingia kwenye akaunti yake. Hapo ndipo mfumo unapomtengenezea tokeni yenye orodha ya makundi yake, na tokeni hiyo anatembea nayo mpaka atoke. Ukimwongeza mtu katika kundi saa nne, naye aliingia saa mbili, tokeni aliyonayo haijui habari za saa nne. Inambidi atoke kabisa kwenye akaunti na kuingia upya. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi. Amri ya whoami /groups, ikiandikwa kwenye kompyuta yake na katika akaunti yake, ingenionyesha kwa sekunde mbili ni makundi gani aliyokuwa nayo kweli wakati ule. Sikuiandika, kwa sababu ingenibidi niinuke niende mezani kwake.

Yule wa tatu, aliyefungua bila kuweza kuhifadhi, nilimpa udhibiti kamili wa folda yake, nikaangalia mara mbili, nikamwonyesha kwenye skrini kwamba jina lake lipo na alama zote zipo. Bado hakuweza kuhifadhi. Hapa nilikuwa sijui kwamba folda inayofikiwa kupitia mtandao ina milango miwili inayofuatana. Kuna ruhusa za kushiriki, zinazowekwa pale folda inapotangazwa kwenye mtandao, na kuna ruhusa za faili zenyewe, zinazokaa kwenye diski. Mtu anayepitia mtandao lazima apite yote miwili, na anapata kile tu ambacho pande zote mbili zimekubali. Nilipoitangaza folda mpya, mfumo uliweka chaguo lake la kawaida, ambalo ni kusoma tu kwa kila mtu, nami sikuligusa. Ningeweza kumpa mhasibu yule udhibiti kamili mara mia kwenye diski, na bado mlango wa kwanza ungemruhusu kusoma tu. Na hapo ndipo fumbo la mhasibu wa nne lilipofumbuka, ingawa nililielewa baada ya wiki kadhaa: hakuwa na tatizo kwa sababu siku ile kazi yake ilikuwa ya kusoma ripoti. Hali yake na ya wa tatu ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni walichoomba.

Jumatano usiku, saa tano kasoro, nilikuwa peke yangu ofisini. Nilikuwa nimebadilisha mambo mengi kiasi kwamba sikukumbuka tena lipi nilianza nalo, macho yalikuwa yanawasha, na kichwani nilikuwa na sauti ya mkuu wa uhasibu akiuliza kama kesho yake watapata muhtasari. Nikaenda kwenye folda mama, nikaliongeza kundi la kila mtu, nikalipa udhibiti kamili, nikaweka alama kwenye kile kisanduku kinachosema kwamba ruhusa za vyote vilivyomo ndani zibadilishwe na hizi, nikabonyeza. Nikafanya hivyohivyo upande wa kushiriki. Ilichukua dakika kama sita kupita faili zote. Kisha nikaianzisha programu ya usiku kwa mkono, nayo ikakimbia mwanzo hadi mwisho bila kosa hata moja. Nakiri kwamba nilihisi raha kubwa. Nilijiambia kuwa nitayarekebisha vizuri wiki ijayo, na kila fundi anajua wiki hiyo huwa inafika lini.

Ndani ya folda mama kulikuwa na folda ya idara ya utumishi, yenye tathmini za wafanyakazi. Ilikuwa na ruhusa zake za pekee ambazo mtu aliyenitangulia kazini aliziweka kwa uangalifu. Kile kisanduku nilichokiwekea alama kilizifuta zote. Hakuna aliyegundua kwa wiki tatu, mpaka mfanyakazi mmoja, akitafuta fomu ya likizo, alipofungua folda ambayo siku zote ilikuwa ikimkataa na kukuta tathmini yake, kisha ya jirani yake, kisha za wengine. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imeenea. Niliitwa. Mkuu wa utumishi hakunifokea. Aliniuliza tu ni lini hasa ilifunguliwa, ni nani walioingia humo, na ni nani walionakili. Swali la kwanza nililijibu. Mawili yaliyobaki sikuweza, kwa sababu sikuwa nimewasha ukaguzi wa aina yoyote, yaani mfumo haukuwa ukiandika nani anafungua nini. Sijawahi kuona aibu kama ile kazini, na sehemu ngumu zaidi ni kwamba chuoni nilikuwa nimejibu mtihani kuhusu kanuni ya kutoa ruhusa kwa kiasi cha kazi tu, ile ambayo wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza mwaka 1975. Nilikuwa naijua kwa moyo.

Hofu ikanisukuma kwenye kosa lililofuata. Nilitaka folda ile ifungwe dakika hiyohiyo, kwa hiyo badala ya kuondoa ruhusa niliyoitoa, niliongeza katazo: kundi la wafanyakazi wote, wakatazwe kila kitu. Maofisa wa utumishi nao ni wafanyakazi. Katika ngazi moja ya orodha, katazo husomwa kabla ya ruhusa, na mtu aliye katika makundi mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa, hukutana na katazo kwanza. Ndani ya nusu saa, watu pekee waliopaswa kuingia katika folda ile walikuwa nje pamoja na wengine wote. Tangu hapo situmii katazo isipokuwa pale ambapo njia nyingine zote zimeshindikana, na sijakutana na hali hiyo zaidi ya mara mbili. Kama hutaki mtu aingie, inatosha asiwepo kwenye orodha. Asiyetajwa hapewi.

Niliporudisha folda ya utumishi katika hali yake na kuondoa kundi la kila mtu kwenye folda mama, wahasibu wale wawili wakafungiwa tena na programu ya usiku ikakwama tena, kosa namba 5, kama Jumatatu ya kwanza. Nilimpigia simu yule aliyenitangulia katika kazi hii, ambaye kwa bahati alikuwa bado anapokea simu zangu. Nilimweleza kwa kirefu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Ni akaunti gani inayokataliwa?" Nikamtajia akaunti ya huduma ya ripoti. Akauliza, "Umeiona wapi?" Nikasema imeandikwa kwenye orodha ya akaunti zetu, mbele ya jina la programu hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, sikuulizi imeandikwa wapi. Nakuuliza umeiona wapi ikikataliwa."

Sikuwa nimeiona popote. Siku hiyo ndipo uchunguzi ulipoanza kweli, na ningependa kuueleza polepole kwa sababu hapa ndipo ningetamani kuwa nimeanzia.

Programu ya usiku hukimbia kwenye seva ya pili na kufuata faili kwenye seva ya kwanza kupitia mtandao. Nilipakua Process Monitor, chombo cha Microsoft kisicho na malipo ambacho kinaonyesha kila faili ambayo kila programu inajaribu kuigusa, nikakiwasha kwenye seva ya pili, nikaweka kichujio kinachobakiza matokeo ya kukataliwa peke yake, nikaongeza safu inayoonyesha jina la mtumiaji, kisha nikaianzisha programu. Mistari ikaanza kushuka. Jina la mtumiaji halikuwa akaunti ya huduma ya ripoti hata kidogo. Lilikuwa Network Service, ambayo ni akaunti ya ndani ya Windows inayotumiwa na huduma nyingi. Ile akaunti ya kwenye orodha ilikuwa ya kuingilia kwenye hifadhidata tu, na mimi nilikuwa nimeipa ruhusa za faili mara nyingi, akaunti ambayo haikuwahi hata siku moja kuomba faili.

Kwa furaha nikaenda kwenye seva ya kwanza, nikaiongeza Network Service katika orodha ya folda. Programu ikakataliwa tena. Nikatukana, na baada ya hapo nikasoma. Kumbe Network Service ni jina ambalo kila kompyuta inalo kwa ajili yake mwenyewe. Niliyoiongeza ilikuwa ya seva ya kwanza, si ya seva ya pili. Huduma inayotumia akaunti hiyo ikitoka kwenda kwenye mtandao ndani ya domeni, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja, hujitambulisha kwa jina la kompyuta yenyewe inamokaa, jina lenye alama ya dola mwishoni. Aliyekuwa akibisha hodi hakuwa mtu wala akaunti ya huduma. Ilikuwa ni seva ya pili yenyewe.

Nilitaka kuliona hilo kwa macho kabla ya kubadilisha chochote, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuamini. Niliwasha ukaguzi wa faili kwenye sera ya seva ya kwanza, nikasubiri, nikaangalia kumbukumbu za usalama, sikuona kitu. Ukaguzi huo una nusu mbili: sera lazima iwashwe, na folda yenyewe lazima iambiwe ni maombi ya nani na ya aina gani yaandikwe. Nilikuwa nimefanya nusu moja. Nilipokamilisha ya pili, tukio namba 4656 likajitokeza likiwa na alama ya kushindwa, na ndani yake kila nilichokuwa nimekitafuta kwa zaidi ya mwezi: jina la akaunti likiishia na dola, njia kamili ya faili, na orodha ya vilivyoombwa. Katika orodha hiyo kulikuwa na kuandika. Programu ambayo sote tuliamini inasoma tu ilikuwa ikiweka faili ndogo ya kufuli katika folda ya kila idara kabla ya kuanza, na kuifuta inapomaliza. Hata ningeipa ruhusa ya kusoma kwa akaunti sahihi, ingeendelea kukataliwa.

Niliunda kundi moja kwa ajili ya wasomaji wa faili za siku, nikaiweka seva ya pili ndani yake, nikalipa kundi hilo ruhusa ya kubadilisha katika folda ndogo zinazohusika peke yake. Niliiwasha seva upya usiku huo, maana kompyuta nayo ina uanachama wa makundi, na jibu la haraka la kuufanya usomwe upya ni kuiwasha upya. Muhtasari wa kesho yake ulitoka saa kumi alfajiri. Nilikuwa macho nikiusubiri.

Walibaki wale wahasibu wawili. Hili ndilo lililonipa raha zaidi kulitatua, kwa kuwa kila kitu kilionekana kuwa sawa. Folda zao zilikuwa na ruhusa sahihi. Makundi yao yalikuwa sahihi, na safari hii niliyathibitisha nikiwa nimesimama mezani kwao. Faili za ndani, hata hivyo, zilikataa. Niliandika amri ya icacls, inayoonyesha orodha ya ruhusa, juu ya folda, kisha juu ya faili moja iliyomo ndani yake, nikaweka majibu mawili pamoja. Folda ilionyesha kundi la wahasibu. Faili ilionyesha wasimamizi na mfumo, basi, na kila mstari ulikuwa na herufi I ndani ya mabano, ambayo maana yake ni kwamba ruhusa hiyo imerithiwa. Imerithiwa kutoka wapi, wakati folda mama haina orodha kama hiyo? Faili ilikuwa inadai urithi wa mzazi asiyekuwa wake.

Nilikaa nikiitazama ile herufi mpaka nikakumbuka Jumamosi ile. Folda nyingi nilizinakili moja kwa moja hadi mahali pake. Folda za wahasibu wawili, kwa sababu zilikuwa kubwa, nilizinakili kwanza kwenye folda ya muda niliyoitengeneza kwenye diski mpya na kuiwekea ruhusa za wasimamizi peke yao, kisha nikazivuta kutoka hapo hadi mahali pake. Faili inaponakiliwa, au inapohamishiwa diski nyingine, huchukua ruhusa za folda inakofikia. Inapohamishwa ndani ya diski hiyohiyo, kwa kawaida hubaki na zile ilizotoka nazo. Kwa hiyo faili zile zilirithi ukali wa folda ya muda, zikahama nao, na folda ya muda nikaifuta Jumamosi jioni nikidhani nasafisha. Wakati kundi la kila mtu lilipokuwa limewekwa juu ya kila kitu, tofauti hiyo ilifunikwa. Nilipozirudisha ruhusa za awali kwa kutumia nakala niliyoichukua Jumanne, nilizirudisha pamoja na kosa lake.

Hiyo nakala ya ruhusa ndiyo kitu pekee cha busara nilichofanya katika wiki ya kwanza, na nilikifanya kwa bahati tu. Amri ya icacls ina chaguo la /save, ambalo likitumiwa pamoja na /t, yaani hadi vilivyomo ndani, huandika ruhusa za folda na vyote vilivyomo katika faili moja ya maandishi, na /restore la kuzirudisha. Leo sigusi folda yenye watu ndani yake kabla ya kuandika nakala hiyo na kuipa jina lenye tarehe. Kwa wahasibu wale wawili nilichukua nakala, kisha nikatumia chaguo la /reset pamoja na /t, ambalo huzifanya faili zisahau zilizotoka nazo na kurithi upya kutoka kwa mzazi aliyepo. Lifanywe tu baada ya kuhakikisha kwamba hakuna folda ya ndani yenye ruhusa zake za pekee, kwa sababu nazo zitapotea. Nadhani sihitaji kueleza nilijifunzia wapi.

Miezi kadhaa baadaye nilikabidhiwa tovuti iliyo kwenye seva ya Linux, na nilifurahi kuona kwamba nilikuwa nimebadilika, ingawa si kabisa. Picha mpya zilikuwa zinatoa jibu namba 403. Namba hizi zina lugha yake: 401 humaanisha seva haijakutambua na inataka ujitambulishe, ilhali 403 humaanisha imeelewa ombi lako na inakunyima. Kubadilisha nenosiri kwa ajili ya 403, kwa hiyo, mara nyingi ni kupoteza muda. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshaandika chmod 777, ambayo ni kundi la kila mtu kwa lugha nyingine, kabla sijaufuta mstari na kuuliza swali la simu ile. Seva ya wavuti ilikuwa inakimbia kwa akaunti yake yenyewe, na picha zilikuwa na ruhusa 644, yaani mtu yeyote angeweza kuzisoma. Amri ya namei -l, inayoonyesha ruhusa za kila hatua ya njia tangu mzizi, ilinionyesha folda moja ya katikati ambayo wengine hawakuwa na herufi x juu yake. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita. Faili ilikuwa wazi; njia ndiyo iliyofungwa. Nilibadilisha herufi moja.

Hifadhidata ya tovuti hiyohiyo ilinipa somo la namna moja. MySQL, programu inayoendesha hifadhidata hiyo, ilikuwa ikinikatalia kwa kosa namba 1045 ingawa jina na nenosiri vilikuwa sahihi na vilifanya kazi nikiwa ndani ya seva. Katika MySQL akaunti haiwi jina peke yake, ni jina pamoja na mahali unapotokea, na jina lilelile likitoka kompyuta nyingine ni akaunti nyingine kabisa, yenye nenosiri lake na ruhusa zake, au haipo. Ukipata namba 1142 badala yake, umeshaingia ndani, ila umenyimwa tendo fulani juu ya jedwali fulani, na amri ya SHOW GRANTS itakuonyesha ulicho nacho. Nilitumia dakika kumi na tano kwa tatizo hilo. Lingenitokea mwaka uliotangulia, ningetumia wiki.

Sasa nina akaunti mbili. Ya kila siku ni ya mtumiaji wa kawaida, na ninakutana na makatazo yale wanayokutana nayo wenzangu, jambo ambalo linaudhi na linafundisha. Ya usimamizi ninaiingia kwa kazi maalumu na kutoka. Nina daftari lenye safu za akaunti iliyokataliwa, kitu ilichoomba, tendo ililotaka, na mahali nilipoyaona hayo, na safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu sibadilishi chochote. Ninabadilisha jambo moja kwa wakati, ninajaribu kwa akaunti ileile iliyolalamika, na kama halikusaidia ninalirudisha kabla ya kwenda kwenye jingine. Jina langu nimeliondoa katika folda zote ambamo kile kitufe cha kuendelea kiliniandika. Kazi hiyo ilinimalizia Jumamosi mbili.

Mwezi uliopita alinijia mfanyakazi akiwa na picha ya skrini: ufikiaji umekataliwa, folda ya mikataba, wiki iliyotangulia ilifunguka. Nilijaza safu zangu, nikaikuta akaunti yake katika kumbukumbu, nikaona kwamba alikuwa ametolewa kwenye kundi la mikataba siku alipohamishwa idara. Nilimwandikia mkuu wa idara ya mikataba kuuliza kama bado anapaswa kuingia. Alijibu kwamba hapana. Nikamjulisha mfanyakazi mwenyewe, nikalifunga ombi bila kugusa ruhusa yoyote.